Jiko la Gesi Hutoa Ishara Kabla ya Madhara

Jiko la gesi limeingia katika nyumba zetu nyingi na kutupunguzia moshi. Hata hivyo, lina hatari zake, na familia yenye kuzijua dalili zake hujinusuru.

Dalili ya kwanza ni rangi. Moto mzima ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria zikashika masizi, gesi haiungui sawasawa. Jiko lizimwe, na likishapoa, matundu ya moto yasafishwe kwa brashi. Tatizo likibaki, aitwe fundi. Uunguaji huo mbovu huzaa hewa ya sumu isiyo na harufu, yenye kuua katika chumba kilichofungwa.

Dalili ya pili ni harufu. Gesi ya kupikia huongezewa harufu makusudi ili uvujaji ugundulike. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Tukiinusa, tufunge mtungi, tufungue milango na madirisha, tusiguse swichi ya taa, tutoke na watoto. Mpira unaoshukiwa kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Tuwafundishe hayo watoto wakubwa na wasaidizi wa nyumbani, kwani mara nyingi ndio wanaobaki na jiko sisi tukiwa hatupo.