Bunduki Ndogo, Amana Kubwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake barani na baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Wasomaji wetu, na hasa kina mama, siku hizi hutuletea maswali ambayo wazee wetu hawakupata kuulizwa. Watoto wetu wametawanyika duniani kwa masomo, kazi na ndoa. Baadhi yao wanaishi pahali ambapo bucha la halali liko mbali, na msitu uliojaa sungura uko nyuma ya nyumba. Swali lenyewe ni hili: mtu aliye huko akinunua bunduki ndogo na kuwinda sungura kwa ajili ya chakula cha nyumba yake, je, nyama hiyo ni halali? Na bunduki hiyo ikiwa imo nyumbani, watoto wana salama gani? Tumeyaweka maswali haya mawili pamoja kwa kuwa msingi wake ni mmoja: silaha ni amana, na udogo wake haupunguzi uzito wa amana hiyo.

Twataka ieleweke tangu mwanzo kwamba maneno haya si ruhusa kwa mtu wa hapa kwetu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtia hatiani hata yule anayewinda kwa ajili ya kitoweo tu. Ndugu zetu Waboni wa Lamu, ambao wenyewe hujiita Waaweer, waliishi vizazi na vizazi kwa upinde, mishale na asali ya mwituni, na marufuku hiyo iliwabadilishia maisha yao yote. Kutii sheria inayolinda maslahi ya watu na viumbe ni katika dini. Basi tunayoyasema humu ni kwa wale walio katika nchi ambako uwindaji umeruhusiwa, na kwa wazazi wao wanaoulizwa kwa simu.

Mji ambao barabara hufungwa

Tuchukue mfano wa mji wa Inuvik, kaskazini kabisa mwa Kanada, takriban kilomita 200 kupita Duara ya Aktiki. Wakati wa kiangazi jua halitui kwa zaidi ya mwezi mzima, na katikati ya baridi halichomozi kwa wiki kadhaa. Huko nako kuna Waislamu, na wana msikiti. Msikiti wao ulijengwa mjini Winnipeg mwaka 2010, ukabebwa kwa lori na kisha kwa tishari katika mto Mackenzie, safari ya kilomita zipatazo 4,000, hadi ukafika kwa waumini waliokuwa wakiungojea.

Mji huo umeunganishwa na kusini kwa barabara moja, nayo inakatizwa na mito miwili mikubwa. Kiangazi magari huvuka kwa feri, na wakati wa baridi huvuka juu ya barafu. Lakini mito inapoanza kuganda, na tena barafu inapoanza kuvunjika, hakuna feri wala barafu ya kukanyagika, na barabara hufungwa kwa wiki kadhaa. Mkaazi wa Mombasa na afikirie Likoni siku ambayo feri zimesimama, kisha hali hiyo iendelee mpaka mwezi uandame. Vitu huletwa kwa ndege, na bei hupanda. Katika nchi kama hiyo, sungura wa theluji na ndege wa jamii ya kwale si mchezo wa matajiri, bali ni kitoweo. Na kwa msafiri ambaye gari lake limekwama mbali na watu, huenda wakawa ndio tofauti baina ya uhai na mauti.

Bunduki yenyewe

Bunduki itumiwayo zaidi kwa wanyama wadogo ni ile yenye mtutu wa takriban milimita 5.6. Risasi yake mashuhuri, .22 Long Rifle, ilitolewa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887, na hadi leo inatengenezwa kwa wingi. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Ina faida tatu kwa mwenye kutafuta riziki. Kwanza ni nyepesi: risasi 500 hazifiki kilo 2, ilhali risasi 500 za bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa huweza kupita kilo 12. Pili, haina mshindo mkubwa wala haimsukumi mpigaji begani, kwa hiyo hata mwanamke au kijana aliyefunzwa huweza kulenga bila hofu. Tatu, haimharibu mnyama mdogo hata pasibaki cha kula.

Lakini ina mipaka, na kuijua mipaka hiyo ni sehemu ya kuchagua. Haikuundwa kwa kulungu wakubwa wa kaskazini, na sheria za sehemu nyingi zinakataza kuwapiga kwa risasi hiyo, kwa kuwa mnyama hujeruhiwa akaenda kufa mbali kwa mateso. Wala si kinga ya kutegemewa mbele ya dubu. Anayeinunua na aijue kuwa ni ya sungura, kindi na kwale, basi.

Katika aina zake, zipo zinazojipakia zenyewe kila mpigo, na zipo ambazo mpigaji huvuta komeo kwa mkono kabla ya kila risasi. Ipo pia iliyobuniwa kwa ajili ya marubani na wasafiri: mwaka 1959 kampuni ya ArmaLite ilitoa bunduki ya AR-7, ambayo mtutu na sehemu zake nyingine hutiwa ndani ya kitako chake, na ikiangukia majini huelea. Hiyo ni nzuri kwa mwenye ndege ndogo. Kwa nyumba yenye watoto, sisi twapendelea ile ya komeo. Ina vyuma vichache vya kuharibika katika baridi, humlazimisha mtu kutafakari kila mpigo, na komeo likifunguliwa kila aliyepo huona kwa macho yake kwamba chemba ni tupu.

Nyama yake: halali au mzoga?

Hapa ndipo penye moyo wa swali. Sahaba Adiyy bin Hatim (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kuwinda kwa gongo lenye ncha. Maana ya jawabu aliyopewa, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, ni kwamba mnyama aliyechomwa na ncha huliwa, na aliyeuawa kwa kugongwa na ubavu wa gongo haliwi, kwani huyo ni kama aliyekufa kwa kipigo. Kipimo basi ni kutoboa na kumwaga damu.

Neno letu bunduki limetoka katika Kiarabu, na katika vitabu vya kale vya fikihi bunduqa ilikuwa ni tufe la udongo lililorushwa kwa upinde. Tufe hilo huua kwa uzito wake, na wanazuoni walio wengi wakaiharamisha nyama yake asipowahiwa mnyama kuchinjwa. Zilipokuja risasi za baruti, wanazuoni walitofautiana. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Sham, aliona kwamba risasi huua kwa kuunguza na kwa nguvu ya msukumo, si kwa makali, na akakataa. Imam Shawkani wa Yemen, aliyeishi zama hizo hizo, alitazama kuwa risasi hutoboa na kupenya kuliko hata mshale, na akaihalalisha. Wanazuoni wengi wa wakati wetu wameifuata rai hii, nasi twaiona ndiyo iliyo karibu zaidi na hadithi ya Adiyy.

Ama kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, katika madhehebu yetu ya Shafi ni sunna iliyotiliwa mkazo, na kwa Imam Abu Hanifa na Imam Malik kuiacha kwa makusudi kunaiharamisha nyama. Mwenye busara haiachi. Na mnyama akikutwa angali na uhai wa kutulia, risasi haimtoshi: ni lazima achinjwe, zikatwe njia ya pumzi na njia ya chakula. Kwa hiyo mwindaji Mwislamu hutoka na vitu viwili, bunduki na kisu kikali, na kisu kiwe pahali ambapo mkono hukifikia hata ukiwa ndani ya glavu. Akimpata mnyama amekufa ndani ya maji, amwache, kwani katika hadithi hiyo ya Adiyy Mtume (s.a.w.) alikataza kwa sababu haijulikani kilichomuua ni silaha au ni maji.

Yuko atakayesema kuwa mwenye dhiki ameruhusiwa hata mzoga. Ni kweli, kwa kiasi cha kuokoa roho. Lakini anayeweza kuipata halali kwa kulenga vizuri na kubeba kisu hana haja ya kukimbilia ruhusa hiyo.

Kulenga ni huruma

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba Mwenyezi Mungu ameuandika wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Wema wa bunduki ndogo ni kumsogelea mnyama. Risasi hii hufanya kazi vizuri ndani ya mita 50 hivi, na kwa mikono ya mtu ambaye hajazoea, chini ya hapo. Kichwa ndicho pa kulengwa, ili mnyama afe papo hapo na nyama isiharibike. Mpigaji akae au apige goti, aegemeze bunduki kwenye gogo, na asipoona wazi, aache. Mazoezi yafanywe kwa karatasi au kopo. Kumfanya kiumbe hai shabaha ya mchezo ni jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kulitenda.

Atazame pia kilicho nyuma ya mnyama, kwani risasi hii ndogo huweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, na hudunda juu ya maji na mwamba. Katika baridi kali mafuta mazito huganda ndani ya vyuma, basi yafutwe na kubakishwa kidogo. Na bunduki itokayo barafuni ikiingizwa chumbani penye joto hutoka jasho na kushika kutu, kwa hiyo ikaushwe vyema kabla ya kuwekwa.

Jikoni nako kuna mambo ya kujua. Vichwa vingi vya risasi hizi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto na kwa mimba. Nyama iliyozunguka jeraha ikatwe itupwe, tena kwa ukarimu. Anayemchuna sungura mwitu avae glavu na aipike nyama hadi iive kabisa, kwa kuwa sungura hao huweza kubeba maradhi yanayomwambukiza binadamu. Na nyama ya sungura haina shahamu: aliyekula sungura tupu kwa siku nyingi hudhoofika na kuhara, na njaa haimwishi. Mwenye safari abebe samli au mafuta.

Amana ndani ya nyumba

Nchini Kanada mtu hamiliki bunduki hata hii ndogo bila mafunzo ya usalama na leseni. Sheria inataka iwekwe bila risasi ndani yake, tena imefungwa kwa kufuli au imo katika kabati lililofungwa, na risasi zisiachwe wazi kando yake. Mama wa nyumba asione haya kuuliza ufunguo uko wapi. Ni haki yake na haki ya watoto wake.

Wala haya si mageni kwetu. Mtume (s.a.w.) alimwamuru aliyepita msikitini na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Alikataza mtu kupewa upanga ulio nje ya ala, na kumwelekezea nduguye chuma, hata kwa mzaha. Mwenye kuyashika hayo matatu tayari anayajua yaliyo muhimu katika usalama wa bunduki: mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole kisiguse kifyatulio kabla ya wakati wake, na silaha ikabidhiwe ikiwa tupu na wazi.

Nasi tulio huku Pwani tuna funzo letu. Vijana wetu hawana bunduki, lakini wana manati. Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe, akaeleza kuwa havipati mawindo wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Ndege aliyekufa kwa jiwe la manati ni mzoga, hata kama aliyempiga alisoma Bismillahi, na jicho la mtoto wa jirani halirudishwi kwa kuomba radhi. Mzazi akimfunza mwanawe hapa kwamba uhai wa shomoro utaulizwa mbele ya Mola wake, amemwandaa kwa siku ambayo huenda atashika kitu kizito zaidi katika nchi ya mbali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaruzuku watoto wetu kilicho halali popote walipo, azilinde nyumba zao na kila shari, na atujaalie kuwa wenye kuzitunza amana zetu, ndogo na kubwa. Amin. Wabillahi tawfiq.