Mja Mzito na Tumbaku



Leo tunazungumza jambo la nyumbani kwetu Tabora. Tumbaku si ngeni katika njia hii ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwenda Ujiji. Na tangu mpango wa karanga wa Waingereza ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1950, Urambo imekuwa nchi ya tumbaku.

Tuseme mja mzito amefika zahanati, akaulizwa, "Wavuta sigara?" Hujibu, "La," naye amesema kweli, kwani wanawake wavutao sigara kwetu ni wachache. Lakini ugoro umo katika pindo la khanga yake, na mumewe huvutia chumbani. Swali limekwisha, hatari imebaki.

Nikotini hubana mishipa ya damu inayomlisha mtoto, iwe imeingia kwa moshi au kwa ugoro. Moshi nao huongeza hewa ya sumu inayochukua mahali pa oksijeni katika damu. Mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati, au na uzito pungufu, au akafia tumboni.

Ndiyo maana mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila mja mzito aulizwe habari za tumbaku ya kila namna, na za moshi wa wengine, tangu siku ya kwanza ya kliniki na kila arudipo. Kuuliza huku ni elimu. Matabibu na wakunga hawana budi kufundishwa. Aulizwe faraghani, si mbele ya mavyaa wake. Asikaripiwe, kwani aliyekaripiwa leo atadanganya kesho. Aambiwe kwamba akiacha katika miezi mitatu ya kwanza, mtoto huweza kupata uzito unaokaribia ule wa wenzake. Sheria imemruhusu mja mzito kufungua saumu, ambayo ni nguzo ya dini, akichelea mwanawe. Sembuse kuacha ugoro, usio nguzo ya chochote!

Liko na jingine, la mkoa wetu hasa. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande, nikotini hupenya ngozi ya mchumaji, akapata kizunguzungu na kutapika. Mja mzito akieleza hayo, kila mtu husema ni mimba. Tabibu aliyefundishwa atamwuliza zaidi: "Hutapika kila asubuhi, au siku za kuchuma tu?" Ikiwa ni siku za kuchuma, mume na atafute msaidizi mwingine shambani, na mke asiguse majani mabichi hadi ajifungue.