Usichanganye jiki na dawa ya choo

Mwaka wa kwanza chuoni nilipanga chumba kwenye nyumba yenye choo cha kuchangia. Siku ya zamu yangu ya usafi nikamwaga dawa ya choo, nikaona haing'arishi vya kutosha, nikaongeza jiki. Kufumba na kufumbua niko nje nakohoa, machozi yananitoka. Na nilikuwa nasoma kemia, jamani!

Jiki ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, NaOCl. Klorini iliyomo ina namba ya oksidesheni +1, hali ambayo haiipendi hata kidogo. Inazitaka elektroni, na itazinyang'anya popote: kwenye rangi ya doa la chai, kwenye mwili wa bakteria. Aliyenyang'anywa amepata oksidesheni, ndio maana doa linapotea. Klorini iliyopokea imepata ridaksheni, inashuka hadi -1 na kuwa kloraidi, ileile ya kwenye chumvi ya mezani.

Sasa, dawa nyingi za choo zina asidi ya haidrokloriki, HCl, ambayo kloraidi imo tayari. Ndani ya chupa ya jiki kloraidi na haipokloraiti hukaa pamoja bila ugomvi kwa sababu jiki ni alkali. Ukileta asidi amani inaisha. Klorini ya +1 inachukua elektroni moja kutoka kwa klorini ya -1, na zote mbili zinakutana kwenye sifuri:

NaOCl + 2HCl → Cl₂ + NaCl + H₂O

Hiyo Cl₂ ni gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ni nzito kama mara mbili na nusu ya hewa, kwa hiyo hutulia chini, palepale ulipoinama unasugua. Ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu inatengeneza asidi hapohapo.

Siki na ndimu nazo ni asidi, usizichanganye na jiki. Amonia pia hapana: hiyo hutoa kloramini, gesi nyingine inayochoma mapafu.

Ukishakosea, usibaki kumwagia maji. Toka, acha mlango wazi, waondoe watoto. Kifua kikibana, nenda hospitali na useme ulichanganya nini. Na kama lazima utumie zote mbili, tumia moja, suuza kwa maji mengi, nyingine iache hadi kesho.