Meya wa Dar es Salaam anawajibika kwa lipi?

ABIRIA anayesimama muda mrefu katika kituo cha Kimara akisubiri basi la mwendokasi hakosi maneno makali kwa wakubwa wa jiji, na mara nyingi wa kwanza kulaumiwa ni meya. Ndivyo ilivyo pia bomba linapokauka Tabata, au barabara ya mtaa inapogeuka bwawa wakati wa masika. Mvaa joho na mkufu ndiye anayedhaniwa kuwa mwenye mji.

Sheria inasema vingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982, meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Mwananchi wa kawaida, labda awe mkazi wa kata yake, hajapata kuliona jina la meya kwenye karatasi ya kura. Kazi yake kubwa ni kuongoza baraza la madiwani. Anayesimamia fedha na watumishi siku hadi siku ni mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais.

Suala la mabasi ndilo linaloonyesha wazi zaidi udogo wa mamlaka hayo. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) ulianzishwa mwaka 2007 na uko chini ya Tamisemi. Mabasi yenyewe yalianza kubeba abiria Mei 2016, katika njia ya takriban kilometa 21 iendayo Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco. Nauli hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (Latra), iliyochukua nafasi ya Sumatra mwaka 2019. Leseni za daladala nazo hutolewa na mamlaka hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa Oktoba 2025, abiria waliochoshwa na uhaba wa mabasi walifikia hatua ya kuyapiga mawe. Muda mfupi baadaye viongozi wa DART na wa kampuni ya uendeshaji waliondolewa katika nafasi zao. Aliyewaondoa ni Rais. Baraza la madiwani halikuwa na mamlaka ya kumwajibisha hata mmoja wao.

Haikuwa hivyo enzi za Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), wakati Halmashauri ya Jiji ilipokuwa mwanahisa mkubwa kuliko Serikali Kuu. Hisa hizo zilikuja kuuzwa kwa mwekezaji katika mazingira yaliyozua mjadala mkali bungeni na katika baraza lenyewe, na pamoja nazo ikapotea sauti ya jiji katika usafiri wa wakazi wake.

Kisha kuna suala la mipaka. Hadi Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ilikaa juu ya manispaa tano za mkoa. Rais John Magufuli alipoivunja, Manispaa ya Ilala ndiyo iliyopandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Basi likitoka Kimara liko Ubungo, likifika Magomeni liko Kinondoni, na likiingia Kivukoni ndipo linapokuwa kwa meya wa jiji. Njia ya Mbagala iko Temeke. Mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 5,383,728 hauna meya mmoja anayeweza kuulizwa habari za safari nzima.

Mambo mengine nayo yamehama. Barabara za mitaa ziko kwa Tarura tangu mwaka 2017. Maji na majitaka yako Dawasa. Hata kodi ya majengo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tegemeo la halmashauri za miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato na tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia luku.

Hata hivyo, itakuwa makosa kumwachia meya kisingizio cha kutokuwa na nguvu. Taka ni zake. Halmashauri ndiyo inayowapa kazi wazoaji, ndiyo inayopitisha viwango vya ada anavyotozwa mwenye nyumba, na dampo la Pugu Kinyamwezi liko ndani ya eneo la jiji. Rundo linapooza wiki nzima kando ya soko, hakuna wakala wa kusingiziwa. Masoko, zahanati, majengo ya shule za msingi, vibali vya ujenzi na mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyote hupita mbele ya madiwani anaowaongoza.

Meya anaweza kuondolewa. Januari 2020 madiwani walimwondoa Isaya Mwita kwa kura ya kutokuwa na imani naye, uamuzi ambao yeye aliupinga. Lakini kura hiyo ilikuwa ya madiwani, si ya abiria wala wafanyabiashara wa sokoni.

Kwa mkazi, njia iliyo karibu ni diwani wa kata yake. Baraza hukutana kila robo mwaka na vikao vyake, kisheria, viko wazi kwa wananchi. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu halmashauri hutolewa kila mwaka, zikitaja fedha zilizokusanywa na zisizojulikana zilikokwenda. Diwani anayeulizwa swali kutoka katika taarifa hizo hawezi kujibu kwamba jambo hilo liko Latra.