Taipei na Shanghai: Majirani Waliotengwa na Njia

Fungueni ramani ya Asia. Utafuteni mji wa Shanghai, pwani ya China. Kisha shukeni kusini hata kisiwa cha Taiwan, ulipo mji wa Taipei. Pimeni kwa rula: kati ya miji hiyo miwili ni kilometa 690 hivi tu.

Wanafunzi watafanya hesabu upesi: ndege kubwa huenda karibu kilometa 800 kwa saa, basi safari haifiki saa nzima! Sivyo. Ndege hutaka muda wa kupaa na muda wa kushuka, wala haifuati mstari wa rula. Kwa hiyo safari huchukua saa moja na nusu au zaidi kidogo.

Walakini, kwa miaka mingi hapakuwa na ndege ya abiria iliyopita njia hiyo. Kwa nini? Si kwa sababu ya milima wala dhoruba, bali kwa ugomvi wa watu. Mwaka 1949, serikali iliyoshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini China ilihamia Taiwan pamoja na askari na raia wengi. Vijana waliwaacha wazazi, waume waliwaacha wake na watoto, wakidhani watarudi karibuni. Njia ikafungwa nyuma yao.

Miaka 38 ikapita. Mnamo Novemba 1987 serikali ya Taiwan iliwaruhusu watu kwenda kuwaamkia ndugu zao. Askari wale walikuwa sasa wazee. Wengine walikuta makaburi tu ya wazazi wao.

Tena hawakuweza kwenda moja kwa moja. Iliwapasa kubadili ndege mahali pengine, kama Hong Kong. Kutoka Taipei hata Hong Kong ni kilometa 800 hivi. Kutoka huko hata Shanghai ni zaidi ya 1,200. Jumla ni 2,000, karibu mara tatu ya njia iliyonyoka! Ni kama mtu aendaye kuomba moto kwa jirani: ua umefungwa, naye hulazimika kuzunguka kijiji kizima.

Mwezi wa Julai 2008 wakubwa wa pande mbili waliruhusu ndege za mwisho wa juma, lakini hizo nazo zilizungukia anga la Hong Kong. Mwishowe, tarehe 15 Desemba 2008, njia fupi ilifunguliwa, na ndege zikaanza kuruka kila siku.

Ugomvi wenyewe haujaisha hata leo. Lakini angalieni: mwaka ule bahari haikupungua upana, wala ndege hazikuongezewa mbio. Watu walipatana juu ya jambo moja, na safari ya siku nzima ikawa ya asubuhi moja.

Basi, mkiulizwa mji fulani uko mbali gani, pimeni kwa rula. Kisha ulizeni pia kama njia iko wazi.