Ukoko wa Ukoka

Masika yakipiga wiki mbili mfululizo Korogwe, nyasi hazingoji mtu. Uwanja uliouacha mfupi kama zulia unaukuta umefunika vifundo vya miguu, na pembezoni majani yamefika magotini. Ndiyo maana Jumamosi ile, umande haujakauka, kijana wa shule moja jirani na ninapofikia alikuwa amekwishapanda juu ya mashine ya kukatia nyasi, ile inayoendeshwa kama trekta dogo, iliyokuja mtumba kwenye kontena moja na madawati. Mstari wa kwanza aliukata vizuri. Wa pili mlio ukabadilika, ukawa mzito kama wa mtu anayekoroma. Wa tatu mashine haikukata tena: ilizilaza nyasi chini na kutema madonge ya kijani, moja baada ya jingine, mstari mzima. Mara ikanukia mpira unaoungua, na injini ikazima.

Aliitwa fundi kutoka Manundu, mtu wa makamo mwenye mfuko mmoja tu wa spana. Nilitegemea aanze na injini, lakini hakuigusa. Alichomoa waya wa plagi, akaufunga kitambaa na kuusogeza pembeni. "Mwanangu," alimwambia kijana, "ukiingiza mkono chini ya kitu hiki waya ukiwa mahali pake, umeuaga mkono." Akainua upande wa mbele kwa jeki, akasukumia magogo mawili chini ya fremu kwa sababu jeki peke yake haiaminiki, kisha akatuita tuchungulie.

Lile bamba lililopinda kama sinia kubwa lililofunikwa kifudifudi, ambalo visu huzungukia ndani yake, wauzaji wa mashine huliita deki. Fundi yule aliliita tumbo, nami jina hilo nimelichukua. Tumbo lilikuwa limejaa. Juu kulikuwa na tabaka bichi la kijani, chini yake la kijivu, na chini kabisa, lililoshikana na chuma, tabaka jeusi gumu kama ukoko wa ugali uliosahauliwa mekoni. Unene wake ulikuwa wa vidole viwili. Fundi hakutumia bisibisi kuubandua. Aliomba kipande cha mlingoti wa mkonge, akakichonga ncha bapa kama mwiko, akaanza kukwangua. Mlingoti wa mkonge ni mwepesi na laini kuliko chuma, hivyo unaondoa uchafu bila kuondoa rangi. Mahali pengi, hata hivyo, rangi ilikuwa imekwishakwenda. Ukoko ulibanduka vipande vipande na kutu ikabaki imeng'ang'ania nyuma yake, na karibu na mdomo wa kutolea nyasi palikuwa na tundu linalopitisha mwanga wa jua.

Wengi tunadhani kisu cha mashine kazi yake ni kukata tu. Kisu hicho ni feni pia. Ukingo wake wa nyuma umekunjwa kwenda juu, nacho huzunguka kwa kasi ambayo ncha yake hupita kilomita 250 kwa saa. Kwa kasi hiyo huvuta upepo kutoka chini, upepo husimamisha nyasi zilizolala, nyasi hukatwa zikiwa wima, halafu upepo uleule huzibeba hadi kwenye mdomo wa pembeni na kuzitupa nje. Upepo unahitaji nafasi. Ukoko ukijaa tumboni upepo unakufa, nyasi zinabaki zimelala, na zile chache zilizokatwa zinazunguka mlemle na kukatwa tena na tena mpaka zinakuwa kama mchicha uliopondwa. Injini inaelemewa, mkanda unateleza kwenye puli, na harufu ya mpira inakuja.

Chanzo kilikuwa umande. Nyasi mbichi, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, na ndani ya maji hayo mna sukari ya mmea. Ongeza maji ya umande juu yake, unapata gundi. Gundi hiyo ikibaki kwenye bamba usiku kucha inahifadhi unyevu dhidi ya chuma, nacho chuma hakina la kufanya ila kuoza. Fundi alimwambia kijana asiguse mashine kabla ya saa nne asubuhi, na siku ya mvua asiitoe kabisa.

Yaliyobaki aliyafundisha kwa mikono zaidi ya maneno. Kukwangua ni kila baada ya kukata, ukoko ukiwa bado laini, kazi ya dakika kumi. Kuosha ni baada ya chuma kupoa, halafu unaviwasha visu kidogo ili upepo ukaushe tumbo. Beringi za visu hazipigwi maji ya presha, hupewa grisi. Kijana aliuliza kama anaweza kupaka oili chafu ili nyasi zisigande, na fundi akakataa papo hapo, maana oili ile itadondokea nyasi, na nyasi zile mbuzi wa jirani watazila.

Kisha akafungua kisu. Alikinoa kwa tupa, akapigilia msumari ukutani na kukitundika kwa tundu lake la katikati. Upande mmoja ukashuka. Akakishusha, akaupiga tupa upande ule mara chache, akakitundika tena. Ukashuka tena, safari hii polepole. Mara ya nne kisu kilikaa sawasawa kama mizani ya duka, na hapo ndipo alipotabasamu. Kisu kisicholingana uzito hutikisa mashine nzima na kula beringi, na beringi za mashine za mtumba si kitu unachokikuta kila duka.

Wakati fundi anafunga nati, wanafunzi walikuwa wanakusanya nyasi kwa reki. Walizisukuma hadi kona ya uwanja, kwenye lundo la zamani lenye majivu, wakatia kiberiti. Nyasi mbichi haziwaki, zinafuka. Moshi mzito mweupe ukaingia madarasani, na nilijua utakaa pale hadi kesho yake. Roho iliniuma, nami sioni haya kusema hivyo.

Nyasi zikiwa fupi, mahali pake ni palepale zilipokatwa. Kanuni ya watunza viwanja ni kutokata zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukiifuata, vipande vinakuwa vidogo, vinazama katikati ya mashina na kuoza upesi. Katika uzito mkavu wa nyasi za uwanja, naitrojeni hufika asilimia nne hivi, na wataalamu wanakadiria kwamba kuziacha uwanjani kunaweza kuziba hadi robo ya mbolea ambayo uwanja ungehitaji kwa mwaka. Shule ile ilikuwa inachoma mbolea yake, na wakati huohuo ilikuwa na bustani ya migomba yenye udongo mtupu uliopasuka. Matandazo ya nyasi, tabaka jembamba lisilogusa shina, yangeutunza unyevu ule wa masika. Zikiwekwa nene na mbichi zinapata joto na kunuka, hivyo ziada inafaa ichanganywe na majani makavu au mabua ya mahindi kwa ajili ya mboji.

Lakini majani yale marefu ya pembezoni ndiyo yaliyonikosesha usingizi, kwa sababu ya barabara. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami. Nimeipita barabara ile mwezi Septemba. Unaacha bonde la mto Pangani, na kadiri unavyoingia Uziguani rangi ya ardhi inabadilika, kijani kinakwenda njano, njano inakwenda kijivu. Ng'ombe wanatembea wamejipanga nyuma ya mchungaji, mbavu zinahesabika. Handeni ina wafugaji Waparakuyo na Wamaasai wa miaka mingi, na tangu mwaka 2022 kijiji cha Msomera kimepokea familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro pamoja na mifugo yao. Ng'ombe wapo, nayo malisho ya kiangazi ni yaleyale. Huku Korogwe miezi michache kabla, majani yametiwa kiberiti.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Korogwe imewahi kufunga malisho ya nusu ya dunia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, na 62 tu ndivyo vilivyofika pwani ya Tanga vikiwa hai. Kutokana na hivyo 62 yakazaliwa mashamba ya Ngombezi, Magunga, Hale na mengine yote yanayopakana na reli. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za katani. Zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilisokotwa kamba za shambani, kamba za kufungia marobota ya majani makavu Ulaya na Marekani. Mkulima wa kule anajua baridi inakuja na ng'ombe hawatakuwa na jani, basi anakata majira ya joto, anakausha, anafunga kwa kamba ya mkonge wetu, anaweka ghalani. Baadaye kamba za plastiki zikaingia, bei ya katani ikaporomoka, na watu wa Tanga wanaijua hadithi iliyofuata. Wao wana baridi, sisi tuna kiangazi. Ng'ombe haoni tofauti: jani hakuna.

Kufunga robota hakuhitaji mashine. Kunahitaji sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, la sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Majani hukatwa yanapoanza kutoa maua, kwa fyekeo la mkono, maana mashine ya uwanja huyasaga vipande visivyofungika na majani marefu hulijaza tumbo lake mara moja. Yanaanikwa siku mbili au tatu huku yakigeuzwa, mpaka yanalia yakikunjwa. Unatandika kamba mbili ndani ya sanduku, unajaza, unakanyaga, unajaza tena, unafunga, unanyanyua sanduku. Robota lililobanwa vizuri lina kilo 20 hivi. Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 250 anakula kama kilo sita za majani makavu kwa siku, kwa hiyo robota moja ni siku tatu na ushei, na kiangazi cha siku 100 ni marobota 30 hivi kwa kila ng'ombe.

Najua uwanja mmoja wa shule haulishi boma. Lakini hesabu viwanja vyote, kingo za barabara, na nyasi zinazofyekwa kati ya mistari ya mkonge mashambani. Uangalifu unahitajika: yanayotoka kando ya barabara yachambuliwe mifuko ya plastiki na misumari, na yanayotoka shambani mtu aulize kwanza kama palipulizwa dawa ya magugu. Lundo la nyasi fupi lililopata joto na ukungu asipewe mnyama, wala matawi ya maua ya uani, maana baadhi ni sumu kali.

Nilipita tena shuleni wiki tatu baadaye, saa tano asubuhi, jua kali. Mashine ililia mlio mmoja mwembamba kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, na kipande cha mlingoti kilikuwa kimefungwa nyuma ya kiti kwa mpira. Pembezoni majani yaliyofyekwa yalikuwa yameanikwa kwa mistari. Sanduku lilikuwa limepigiliwa kwa mbao za palati, na kamba ilikuwa ya katani, imenunuliwa mjini. Robota la kwanza lilitoka limepinda upande. Walilitundika kwenye mizani ya kupimia mahindi ya jikoni: kilo 14. Kijana akaliangalia kidogo, akafungua fundo, akamwaga majani yote chini na kurudisha sanduku mahali pake, kisha akavua viatu ili akanyage vizuri zaidi.