Magunia Kumi na Sita ya Avokado

Mnamo Aprili 2023, katika mashindano ya chesi ya Kenya Open jijini Nairobi, mchezaji mmoja wa kitengo cha wanawake alikuja na buibui, nikabu na miwani, wala hakusemezana na mtu. Aliwalaza wapinzani wazoefu mpaka waandalizi wakaingiwa na shaka. Viatu, hasa, vilikuwa vya kiume. Alipobanwa, ikabainika ni mwanamume wa miaka 25, mwanafunzi, na alikiri kwamba shida ya pesa ndiyo iliyomsukuma. Watu walicheka dunia nzima, ila swali lenyewe halikujibiwa: kama chesi ni kazi ya akili, kwa nini kitengo cha wanawake kiwe rahisi hata mwanamume aone faida ya kujipenyeza humo?

Kwenye riadha jibu linajulikana, kwa hiyo nitapita mbio. Mary Moraa wa Kisii alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 kule Budapest mwaka 2023 kwa 1:56.03. David Rudisha wa Kilgoris, ambako ni jirani tu na Kisii, alikimbia umbali huo huo kwa 1:40.91 mwaka 2012. Balehe ya kiume humwaga testosteroni, na pamoja nayo huja misuli mikubwa na damu yenye hemoglobini zaidi kwa karibu asilimia 12. Hapo wastani wenyewe umehama, na hata wasichana wote wa Nyamache, huko Kisii, wakijitosa uwanjani, pengo litabaki.

Chesi ina hesabu nyingine, na ni tamu. Tuseme Nyamache kuna wakulima wawili wa avokado. Miche yao imetoka kitalu kimoja, udongo ni ule ule. Mmoja anavuna magunia 16, mwenzake gunia 1. Ukipima matunda yote, wastani wa uzito unalingana. Sasa aje dalali anayetaka tunda moja tu, kubwa kuliko yote. Uwezekano wa kulipata kwa mkulima wa kwanza ni 16 kati ya 17. Akitaka matunda 17 makubwa kabisa, atarajie 16 kutoka kwa huyo huyo na moja kwa jirani. Mpita njia anayeliona fungu hilo teule tu ataapa kwamba mkulima wa pili kapanda mbegu mbovu. Wingi hauugusi wastani hata kidogo, lakini kilele hukivuta juu, maana kila gunia linaloongezwa ni nafasi nyingine ya kupata tunda la ajabu. Tena ukiyapanga la kwanza kwa la kwanza, la pili kwa la pili, ukifika la mia mkulima mdogo anatoa avokado za kawaida ilhali mwenzake bado anachagua.

Mwaka 2009 mtafiti Merim Bilalić na wenzake waliipiga hesabu hiyo kwa wachezaji zaidi ya 120,000 wa Ujerumani, ambako palikuwa na wanaume 16 kwa kila mwanamke. Walipolinganisha 100 bora wa kila upande, idadi peke yake ilieleza asilimia 96 ya pengo. Wapo watafiti waliopinga kwa takwimu za kimataifa. Ugomvi wao tuwaachie.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huenda wanawake ni wachache kwa sababu hawauwezi mchezo, wakaacha. Watafiti Christopher Chabris na Mark Glickman walilichunguza hilo Marekani mwaka 2006. Wavulana na wasichana wenye uwezo sawa hawakutofautiana katika kuacha wala kuendelea, na kule ambako angalau nusu ya wanaoanza ni wasichana, alama zao za mwanzo hazikuwa chini. Basi kitengo cha wanawake kifutwe? La. Huenda zawadi zake ndizo zinazowabakiza wengi mchezoni, na kukifuta kunaweza kulipunguza gunia ambalo tayari ni dogo. Judit Polgár wa Hungaria hakukihitaji: hakuwahi kuwania ubingwa wa dunia wa wanawake, alifika nafasi ya 8 duniani miongoni mwa wote, na mwaka 2002 alimshinda Garry Kasparov mjini Moscow, wakati huo Kasparov akiwa wa kwanza duniani.